KUCHAGUA CHOMBO CHA KUTEREMKIA MLIMA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mtu aliyekulia katika milima yetu ya Karagwe na Kyerwa anajua kuwa kupanda ni kazi na kuteremka ni starehe. Anajua pia kuwa starehe hiyo ina bei yake. Hapa Ndama watoto wadogo huteremka juu ya magome ya migomba, na wakubwa huteremka juu ya baiskeli za miti. Siku hizi wako pia waliokwisha kuona katika simu vijana wa nchi za ng'ambo wakisimama juu ya ubao mrefu wenye magurudumu manne na kushuka milima kwa kasi ya gari. Wamekuwa wakiniuliza, "Je, na sisi hatuwezi?"

Muhula uliopita mtoto wa Kidato cha Kwanza alianguka na baiskeli ya miti akavunjika mkono. Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alitoa shauri kwamba vyombo hivyo vipigwe marufuku kabisa. Mama mmoja akamjibu kwamba mwanawe huchota maji kwa chombo hicho hicho alfajiri, na asipokuwa nacho hawezi kufika shuleni kabla ya kengele. Kwa maoni yangu wote wawili walisema kweli, na shauri hilo litazungumzwa tena muhula ujao. Kabla halijaamuliwa yafaa tujue chombo kizuri ni kipi na kibaya ni kipi, maana tusipojua tofauti tutavihukumu vyote kwa kosa la kimoja. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa baba yangu mdogo, ambaye ni seremala, na kwa mwalimu wetu wa Fizikia, na mengine kwa mikono yangu mwenyewe.

VYOMBO VYENYEWE

Baiskeli ya miti haina pedeli wala mnyororo. Ni ubao mrefu wa kukanyaga au kupigia goti, uma wa mbele, usukani wa mti, na magurudumu mawili. Ndugu zake wakubwa wako Goma, katika Kivu ya Kaskazini, nchi ya Kongo, na huko huitwa chukudu. Zilianza kuonekana miaka ya 1970. Mafundi wa huko huzitengeneza kwa mbao ngumu, na mkalitusi ni mmojawapo, kisha huyavika magurudumu mpira wa tairi kuukuu. Mwenye chukudu huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Akifika kwenye mteremko hupanda akaiacha iende. Kwa chombo hicho watu wa huko hushusha mkaa, kuni, viazi na kabichi kutoka vilima vya Kibumba, kaskazini ya mji, mpaka sokoni. Katika mwaka 2009 mji wa Goma ulipata sanamu yenye rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu yenye mzigo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba baiskeli ya miti ni upuuzi wa watoto.

Chombo cha pili ni ubao mrefu wa magurudumu manne. Huu hauna usukani wala breki. Mtu husimama juu yake kwa ubavu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na kuuongoza kwa kuegemea upande huu au huu. Asili ya mchezo huu ni California, Marekani, ambako wapanda mawimbi ya bahari walitaka kupanda "mawimbi" ya barabara siku ambazo bahari imetulia. Mwanzoni magurudumu yake yalikuwa ya chuma au ya udongo mgumu, nayo yaliteleza mno. Mapema katika miaka ya 1970 kijana mmoja, Frank Nasworthy, alianza kuuza magurudumu ya plastiki laini iitwayo poliurethani. Magurudumu hayo yalishika barabara vizuri, na tangu hapo mchezo ukabadilika. Katika mwaka 2017, huko Quebec, Kanada, Mwingereza Pete Connolly alishuka mlima akiwa amesimama juu ya ubao kwa kasi ya kilomita 146.73 kwa saa. Karibu na kwetu, vijana wa Kitintale, mtaa mmoja wa Kampala, walianza kujijengea uwanja wao wa saruji mwaka 2006, nao huchezea mbao fupi hapo mpaka leo.

Vyombo hivi viwili havifanani kwa sura. Hata hivyo, mtu anayetaka kuchagua kimojawapo kwa ajili ya kuteremkia mlima hujiuliza maswali yale yale. Kosa la vijana wengi ni kuanza na swali la mwisho, yaani, "Kitakwenda kasi gani?" Swali hilo limekwisha kujibiwa na mlima wenyewe. Sisi sharti tuanze na lingine.

KWANZA: KITASIMAMAJE?

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kitu kinachoshuka bila kuzuiwa hupata kasi yake kutokana na kimo kilichoshuka. Uzito wa kitu hauongezi wala haupunguzi. Akatupa hesabu hizi. Ukishuka kimo cha mita 5, ambacho ni kimo cha mgomba mrefu, utakuwa na kasi ya kilomita 36 kwa saa karibu. Ukishuka mita 10, ni kilomita 50. Ukishuka mita 20, ni kilomita 71. Kweli, barabarani upepo na msuguano hupunguza kasi hiyo, lakini hesabu inatuonyesha kuwa huhitaji mlima mkubwa ili kupata kasi ya kuua. Migomba minne tu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine yatosha.

Sasa tutazame kusimama. Tuseme breki yako, katika njia tambarare, inaweza kupunguza kasi kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukienda kilomita 18 kwa saa utasimama baada ya mita 4 hivi. Ukienda kilomita 36, watu wengi hudhani utasimama baada ya mita 8. Sivyo. Utasimama baada ya mita 17 karibu. Kasi ikizidi mara mbili, njia ya kusimamia huzidi mara nne.

Lakini sisi hatufungi breki katika njia tambarare. Katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mlima wenyewe unakuvuta, na breki ile ile inabakiwa na nguvu ya mita 2 tu badala ya 3. Njia ya kusimamia kutoka kasi ya kilomita 36 inakuwa mita 25.

Sasa pakia mikungu ya ndizi yenye uzito sawa na wako mwenyewe. Breki ni ile ile na unaikanyaga kwa nguvu ile ile, lakini kinachosimamishwa ni kizito mara mbili. Nguvu ya breki inagawanyika, na baada ya mlima kuchukua sehemu yake inabaki nusu mita tu. Hapo utasimama baada ya mita 100. Na mlima ukiwa mkali zaidi kidogo, wa kushuka mita 16 kwa kila mita 100, chombo hicho hakitasimama kabisa, hata ukanyage breki mpaka jioni. Nilipoimaliza hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu, maana sikuamini. Nawaomba wasomaji nao waifanye. Mtu anayesema, "Breki yangu ni nzuri, nimeijaribu," aulizwe kwanza kama aliijaribu akiwa na mzigo.

Breki ya baiskeli ya miti ni kipande cha tairi kinachoning'inia nyuma ya ubao. Mtu hukikanyaga kikaligusa gurudumu la nyuma. Kichague kipande cha tairi la lori. La baiskeli ni jepesi mno, huliwa upesi. Upana wake uwe sawa na upana wa gurudumu au uzidi kidogo. Kifungwe kwa bolti na washa, kisipigiliwe kwa misumari, kwa sababu msumari hung'oka polepole bila kukuarifu. Kila asubuhi kipinde kwa mkono, ukaone kama kimechanika mahali kinapofungwa.

Ubao mrefu hauna kipande cha namna hiyo. Wanaoujua husimama kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuinuka wima na kufungua mikono ili upepo uwazuie, na hii hufaa kwa kupunguza kasi tu. Ya pili ni kuburuta soli ya kiatu cha nyuma juu ya barabara. Ya tatu ni kuutelezesha ubao ukae kwa ubavu, mkono mmoja ukigusa chini kwa glovu yenye kidonge kigumu cha plastiki. Njia hii ya tatu ndiyo ya kutegemewa katika mwendo wa kasi, nayo hujifunzwa kwa miezi mingi mahali penye mteremko mdogo. Asiyeweza bado kuburuta mguu na kuteleza hana breki. Ubao wa kasi si wake, hata akiwa na fedha za kuununua.

PILI: GURUDUMU

Gurudumu huchaguliwa kwa kutazama njia. Barabara kuu ya Kyaka hadi Bugene imetiwa lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za moramu, zenye mawe na makorongo ya mvua. Magurudumu ya ubao mrefu wa kuteremkia huwa na upana wa milimita 70 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, maana yake kutoka katikati ni milimita 35 tu. Jiwe la sentimita 2 ni kubwa kuliko nusu ya hiyo. Gurudumu likiligonga halipandi. Linasimama, na wewe unaendelea. Lakini gurudumu la mti lenye upana wa sentimita 40 hulipanda jiwe hilo hilo kwa urahisi, kwa kuwa kwake ni sehemu ya kumi tu. Kwa hiyo jibu ni wazi: ubao mrefu ni wa lami safi peke yake, na katika moramu yetu baiskeli ya miti ndiyo bora, tena yenye gurudumu kubwa.

Anayenunua magurudumu ya ubao ataona yameandikwa namba na herufi A. Hiyo ni kipimo cha ugumu. Namba ikizidi, ugumu umezidi. Kwa kuteremka watu hupenda 78A hadi 80A, ambayo ni laini, hushika lami na kumeza mitikisiko. Yale magumu sana, karibu 99A, ni ya viwanja vya saruji, na kuyatumia mlimani ni kujitafutia balaa.

Anayechonga gurudumu la mti asikate kipande cha gogo zima kama anayekata mkate. Gogo likikauka hupasuka kutoka katikati kwenda ukingoni, na gurudumu litagawanyika siku usiyoitazamia. Afadhali uchukue mbao mbili zilizokauka, uzipange nyuzi zake zikipishana, uzigandishe kwa gundi na kuzifunga kwa bolti, ndipo ukate duara. Kisha lizungushe kwenye msumari huku umeshika kidole karibu na ukingo. Likigusa kidole upande mmoja na kuacha upande mwingine, bado si duara, endelea kupiga tupa. Mwisho livike mpira wa tairi, na vichwa vya misumari vizamishwe ndani ya mpira, visiguse barabara.

TATU: BERINGI

Wengi wetu huchoma tundu katika gurudumu na kupitisha mti ukiwa ekseli, wakipaka grisi au mafuta machafu. Kwa kuchotea maji katika njia fupi hilo halina neno. Kwa mteremko mrefu halifai, kwa sababu tundu hupanuka siku hata siku na gurudumu huanza kucheza. Gurudumu linalocheza haliwezi kuongozwa.

Beringi kuukuu hupatikana kwa mafundi wa pikipiki, mara nyingine bure. Ya kuchagua ni ile isiyo na sauti. Iweke karibu na sikio uizungushe. Ukisikia kama mchanga unasagika ndani, iache. Ukiitikisa na ukasikia kipete cha ndani kinacheza, iache pia. Tundu la gurudumu lichimbwe kwa kipimo cha beringi ili iingie kwa kugongwa kidogo kwa nyundo. Ikiingia kwa kidole tu, itatoka kwa kidole tu. Magurudumu ya ubao mrefu hutumia beringi za namba 608, zenye tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22, na unene milimita 7, na kila gurudumu huchukua mbili.

Wako vijana wanaotumia beringi tupu badala ya magurudumu, bila mpira wala mti. Kitu hicho hupiga kelele ya kufurahisha, lakini chuma juu ya lami hakishiki. Kwenye kona kinakwenda kinakotaka chenyewe.

NNE: USUKANI NA EKSELI

Tazama kitanda cha hospitali kinachosukumwa. Vigurudumu vyake hufuata nyuma ya pini inayovishika, na kwa sababu hiyo hujinyosha vyenyewe. Usukani wa baiskeli ya miti sharti ufuate kanuni hiyo. Mti wa usukani ulale nyuma kidogo, usisimame wima kabisa, ili gurudumu la mbele liguse ardhi nyuma ya pale ambapo mstari wa usukani ungeigusa kama ungeendelea mpaka chini. Chombo cha namna hii ukikiacha mkono kidogo hujirudi katika njia. Kile kilichowekewa usukani wima kabisa, au uliolala mbele, hutikisika kichwa kama mbuzi aliyefungwa, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo kinavyozidi kutikisika.

Ubao mrefu nao una ugonjwa huu wa kutikisika. Ekseli zake zimefungwa kwenye pini iliyolala, pamoja na vipira viwili vinavyobonyea mtu anapoegemea, na hivyo ndivyo ubao unavyopinda njia. Ekseli za kawaida zina pembe ya digrii 50 hivi. Hizo hupinda upesi, na hufaa kwa mwendo wa taratibu. Kwa kuteremka, watu huchagua pembe ndogo zaidi, na wengi huweka ekseli ya nyuma yenye pembe ndogo kuliko ya mbele, ili mbele paongoze na nyuma pafuate. Tena huchagua vipira kwa kutazama uzito wa mwili. Mtu mzito huhitaji vipira vigumu, na mwepesi vilaini. Kukaza nati kupita kiasi ili kusahihisha vipira vilaini si dawa, maana huviponda. Na ubao ukianza kutikisika, usirudishe mwili nyuma kwa hofu. Uzito wote upeleke juu ya mguu wa mbele.

TANO: UBAO WENYEWE

Ubao wa kutembelea mjini huwa na ulaini wa kurusha kama chaga ya kitanda. Ubao wa kuteremkia uwe mgumu, usipinde, kwa sababu ubao unaobonyea huchelewesha kila amri ya mguu. Urefu wa sentimita 90 hadi 100 unatosha. Zile zilizoshushwa karibu na ardhi hazichoshi mtu akisukuma kwa mguu, tena huteleza kwa urahisi. Zile zilizopandishwa juu ya ekseli hushika kona vizuri zaidi. Anayeanza afuate za chini.

Kwa baiskeli ya miti, mkalitusi ni mti mgumu na uko tele, lakini ukiwa mbichi hupinda na kupasuka. Ukaushe kivulini kwa muda mrefu, kisha toboa matundu kwa keekee kabla ya kupiga msumari au bolti, hasa karibu na ncha. Ubao ukiwa tayari, uweke juu ya matofali mawili, moja kila upande, wasimame juu yake watu wawili katikati. Ukilia, usiutumie. Ni heri ulie juu ya matofali kuliko njiani.

SITA: MAVAZI NA MAHALI

Kofia ngumu ndiyo ya kwanza. Ya pikipiki inafaa, iwe na mkanda unaofungwa chini ya kidevu, na isiwe imekwisha kupata ajali. Mkono huweza kuungwa, kama tulivyoona kwa mwenzetu, lakini kichwa hakina mbadala. Viatu viwe vya kufunga. Makatambuga ni imara, lakini hayashiki kisigino, na nimeona moja likibaki barabarani wakati mguu umekwisha kwenda. Glovu za kazi na vitambaa vinene vya magotini vitaokoa ngozi nyingi.

Mahali pa kuteremkia pawe na sifa tatu. Pawe panaonekana mpaka mwisho, bila kona inayoficha. Mwisho wake pawe na tambarare au mwinuko ambapo chombo kitajisimamia hata breki ikikatika. Na pasiwe na magari. Barabara kuu haina sifa hiyo ya tatu, kwa kuwa ina malori na pikipiki mchana na usiku. Tena usiteremke baada ya mvua, maana mpira uliolowa haushiki, wala wakati wa magharibi, dereva asipoweza kukuona.

MWENYE FEDHA KIDOGO AFANYEJE?

Wengi wetu hatuna fedha ila zile za likizo, tulizopata kwa kupalilia maharage au kuchuma kahawa. Shauri langu ni kuzitumia kwa taratibu hii. Za kwanza zinunue kofia. Za pili zinunue bolti na kipande kizuri cha tairi kwa ajili ya breki. Za tatu zitafute beringi. Mbao na kazi ya mikono ziwe za mwisho, kwa kuwa mti upo na mikono tunayo. Vijana wengi hufuata taratibu hii kinyumenyume. Hupaka rangi kwanza, hutundika bendera, na breki husema wataiweka baadaye.

Kwa anayetamani ubao mrefu, nasema asikate tamaa, lakini ajue kwamba kwetu lami iliyo tupu bila magari ni chache. Ajifunze kwanza kusukuma, kupinda na kusimama katika uwanja tambarare wa saruji kama wanavyofanya wale wa Kitintale. Mlima hautahama.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Nimekwisha kusema kuwa wale wawili waliobishana mkutanoni walisema kweli. Marufuku ya jumla ingeondoa ajali, lakini ingewaondolea wenzetu wengi njia ya kufika darasani mapema. Tena yule asiyetii angeteremka kwa siri, usiku, mahali pabaya. Kwa upande mwingine, kuviacha vyote viende kama vilivyo ni kungojea mkono wa pili uvunjike.

Kwa hiyo naomba shauri la tatu lisikilizwe. Kila chombo kinacholetwa shuleni kikaguliwe mwanzo wa muhula na mwalimu pamoja na seremala. Kipimo kiwe kimoja, na kila mtu akijue: chombo kikiwa na mwenyewe juu yake na mzigo wake wa kila siku, kishuke mteremko mdogo wa nyuma ya karakana, kisha kisimame kabla ya mstari wa chokaa uliochorwa mita 15 kutoka alama ya kufunga breki. Kinachosimama kipigwe alama ya rangi ya kijani chini ya ubao. Kisichosimama kirudi nyumbani kikatengenezwe. Hatutaulizana kina kasi gani wala kimepambwaje.

Baba yangu mdogo amekubali kuja na keekee na msumeno wake siku hiyo, bila malipo, na vipande vya tairi la lori ninavyo saba. Wenye vyombo visivyo na breki waniletee majina yao kabla ya kufunga shule, ili tujue vipande hivyo vitatosha au tutafute vingine.